Siku Nne Katika Nyumba ya Mawe



Ndugu wasomaji, wahariri wa ukurasa huu wa familia wametuomba sisi tulio bara tueleze habari ya safari yetu ya likizo ya Aprili, tulipokodi nyumba kongwe ya mawe mjini Lamu na kukaa humo watu thelathini na mmoja, wakubwa kwa watoto. Tumeona tuitikie, kwa sababu familia nyingi za pwani zinazoishi Nairobi zimetuuliza jinsi jambo hilo lilivyowezekana. Pia yako mambo ndani ya safari hiyo ambayo hatukuyatarajia, na pengine yatamfaa anayekusudia kusafiri na jamaa zake.

Sisi ni nyumba saba: nne za Makina, Kibera, na tatu za Kawangware. Baadhi yetu ni wa damu moja, wengine ni wa madrasa moja, na wengine tumeunganishwa na ndoa za watoto wetu. Tuko wenye asili ya Lamu na Mombasa, na tuko wa upande wa Kinubi, kizazi cha askari wa King's African Rifles waliopewa makazi pale msituni mwanzoni mwa karne ya 20. Jina lenyewe, Kibra, kwa Kinubi ni msitu. Eneo walilokaa wazee hao lilizidi ekari 4,000, na hati ya ardhi iliyotolewa kwa jamii mwaka 2017 ni ya ekari 288. Tunalitaja hili mapema kwa sababu habari ya nyumba na wenye nyumba si ngeni kwetu. Karibu sote ni wapangaji. Chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi ndicho sebule, ndicho jiko na ndicho chumba cha kulala, na kikohozi cha jirani hukisikia kana kwamba kimetoka kitandani kwako.

Safari ilianza kwa Bibi yetu, mkubwa wetu sote, mwenye umri wa miaka 78. Alizaliwa Mkomani, Lamu, akatoka huko akiwa bibi harusi mwaka 1963 kumfuata mumewe aliyekuwa akifanya kazi reli, kwanza Mombasa, kisha Nairobi. Nduguye wa pekee aliye hai, mdogo wake wa kike, anaishi mtaa wa Langoni mjini humo humo, na walikuwa hawajaonana kwa miaka kumi na tisa. Simu zilikuwapo, lakini Bibi alizoea kusema kwamba sauti bila uso ni kama chai bila sukari: unainywa, ila hujaburudika. Jioni moja baada ya futari alisema mbele yetu sote kwamba angependa wajukuu zake wauone mji alikozaliwa kabla yeye hajaondoka duniani, na kwamba hakutaka kwenda peke yake.

Ndugu yake hana nafasi ya kutupokea. Ana vyumba viwili, na katika hivyo viwili wanaishi watu saba. Hoteli tuliziuliza bei, tukanyamaza. Ndipo mmoja wa vijana wetu aliposema kwamba zile nyumba kubwa za zamani za Lamu, ambazo nyingi zimekuwa nyumba za wageni, hukodishwa nzima nzima, na kwamba gharama ikigawanywa kwa watu wengi huwa ndogo kuliko vyumba vya hoteli ya kawaida. Msimu wa wageni wa kigeni ukiisha na masika yakikaribia, bei hushuka zaidi. Tukahesabu, tukahesabu tena, tukaona linawezekana kwa subira.

Tukaanza kuweka shilingi 500 kwa kila nyumba kila Ijumaa. Tuliweka kwa majuma sabini na manane, yaani mwaka mmoja na nusu, zikapatikana shilingi 273,000. Hazikuja kwa urahisi. Ziko Ijumaa ambazo mama mmoja aliuza mahamri hadi saa nne za usiku ili asikose kuweka fungu lake, na iko nyumba iliyoacha nyama kwa miezi.

Yalitupata mawili kabla ya kusafiri, na tunayaeleza yote mawili kwa manufaa ya wengine.

La kwanza ni la dalali. Mtu mmoja alitupigia simu, akatuletea picha nzuri za nyumba yenye paa la makuti na dirisha linaloitazama bahari, akataka shilingi 5,000 za kushika nafasi. Tulizituma. Baada ya siku tatu simu yake haikupatikana tena, na tulipomwomba ndugu ya Bibi amtume mjukuu wake akaitazame nyumba hiyo, aliambiwa na waliokuwamo kwamba haikodishwi na haijapata kukodishwa. Hasara ilikuwa yetu na uzembe ulikuwa wetu. Tangu hapo tulijiwekea kanuni: fedha haitoki mpaka mtu wetu aingie mlangoni, aone vyumba, ahesabu vitanda, afungue bomba, na apewe karatasi yenye jina la mwenye mamlaka, idadi ya siku, idadi ya watu na bei. Nyumba tuliyoipata baadaye tuliipata kwa njia hiyo, kwa shilingi 18,000 kwa usiku, usiku tano.

La pili lilikuwa zito zaidi, na wahusika wametupa idhini ya kuliandika bila kuwataja. Majuma mawili kabla ya safari, familia moja kati ya tatu za Kawangware ilirudi jioni ikakuta mlango umetiwa kufuli na mwenye nyumba. Baba wa familia hiyo ni mwashi. Jengo alilokuwa akifanyia kazi lilikuwa limesimama tangu Januari, na kodi ya miezi mitatu haikulipwa: shilingi 6,000 kwa mwezi, jumla shilingi 18,000. Walilala usiku huo wakiwa wamegawanyika katika nyumba tatu za jamaa. Hawakuwa wamemwambia mtu yeyote. Kila Ijumaa ya miezi hiyo mitatu walikuwa wameweka shilingi zao 500 za safari bila kukosa, kwa kuona aibu kuwa wao ndio watakaopungukiwa.

Ndugu wasomaji, tulipokaa kuzungumza jambo hilo, hapana aliyehitaji kuambiwa kwamba deni lile la chumba lilikuwa sawasawa na usiku mmoja wa ile nyumba ya Lamu. Lakini kulijua jambo si kukubaliana juu yake. Mweka hazina wetu alisema fedha ile ni amana, imewekwa kwa shabaha iliyokubaliwa, na hana haki ya kuitoa kwa shabaha nyingine hata ikiwa njema. Tulimwendea Maalimu wa madrasa yetu, naye akamuunga mkono: haigeuzwi mpaka kila aliyechangia aridhie kwa moyo wake, na asiyeridhia asilazimishwe kwa kuonewa haya. Basi tukaziuliza nyumba moja moja. Nyumba tano ziliridhia siku ile ile. Moja haikuridhia. Walisema wazi kwamba watoto wao wamezihesabu zile siku tano kwa mwaka mzima, na kwamba kila nyumba ina shida zake ambazo haikuzileta kwenye mfuko. Walikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa kuwa nao walikuwa na mgonjwa ambaye hawakumwombea msaada. Siku ya tatu waliridhia, ila walituambia kwamba wameridhia bila furaha. Tunaliandika hivyo kwa sababu ndivyo lilivyokuwa.

Bibi ndiye aliyetoa neno la mwisho. Alisema tukae siku nne badala ya tano, fedha ya usiku mmoja iwe karadha njema kwa ndugu zetu, irudi watakapojaaliwa, na kwamba hatapanda treni ikiwa familia hiyo haimo. Nao kwa kweli walikuwa wamekwisha kukusudia kubaki.

Wako pia waliotuuliza msikitini kama safari kama hiyo si israfu, watu wa mabati kwenda kulala katika nyumba ya matajiri. Swali hilo halikuwa la kubezwa, maana dini yetu imekataza ufujaji, na hata katika halali kuna mpaka. Tulijiuliza wenyewe usiku mwingi. Jibu tuliloliona ni kwamba kuunga udugu ni amri, na kwamba mtu wa pwani aliyelelewa Nairobi bila kuiona bahari, bila kujua kwamba lugha anayoichekesha kwa bibi yake ina mji wake na misikiti yake, amekosa kitu ambacho mzazi anapaswa kumpa akiweza. Lakini hatukudai kwamba jibu hilo linamaliza swali. Ndiyo maana hatukukopa hata senti moja kwa ajili ya safari, na ndiyo maana tulikubali kupunguza siku.

Tulipanda treni ya usiku kutoka Syokimau, tukafika Miritini kabla ya alfajiri, tukaswali, tukapanda basi. Nauli za kwenda na kurudi peke yake zilikula zaidi ya nusu ya fedha zetu, na anayepanga safari kama hii ajue kwamba nyumba si ndiyo gharama kubwa. Kilifi, Malindi, Garsen, Witu: barabara ya kutoka Garsen, ambayo wazee waliijua kwa vumbi na matope, sasa ni lami. Tulisimamishwa mara kadhaa kuonyesha vitambulisho, kisha Mokowe, kisha mashua. Bibi aliketi ubavuni mwa mashua, mkono wake wa kulia ukiwa majini njia nzima.

Lamu mji wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Wenyewe husema kwa kujivunia kwamba ni mji ambao watu bado wanauishi, si magofu. Ngome ilimalizwa kujengwa mwaka 1821, Msikiti wa Pwani hutajwa kuwa wa mwaka 1370, na katika vichochoro vyake hapana gari, ila punda na watu. Nyumba tuliyoikodi imo Mkomani, nyuma ya Ngome, katika kichochoro ambacho punda wawili hawapishani.

Bibi alipoufikia mlango hakuingia. Aliketi kwanza kwenye daka, juu ya baraza la mawe, akapumzika, kisha akatuita kwa Kiamu chake, "Ndooni, wanangu," kana kwamba yeye ndiye mwenyeji na sisi ndio wageni. Kisha akatuingiza nyumba nzima, chumba baada ya chumba, na watoto wakimfuata nyuma kama vifaranga. Hapa ni daka, anapoketi mgeni ambaye hujamjua. Hapa ni tekani, ambapo aliyeko nje hawezi kuwaona walio ndani hata mlango ukiwa wazi, kwa sababu njia imepindwa kwa makusudi. Hapa ni kiwanda, uwazi wa katikati ambao huleta mwanga na hewa. Hii ni sabule, chumba cha mgeni wa kiume, mfanyabiashara aliyekuja na kusi au kaskazi, akaa humo bila kukutana na wanawake wa nyumba. Kisha msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani. Kila unapoingia zaidi sakafu inapanda kidogo, na kila unapopanda, siri ya nyumba inazidi.

Vyumba ni virefu lakini vyembamba, na watoto waliuliza kwa nini. Alijibu mtunza nyumba, bwana wa makamo aliyetupokea: dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haziwezi kuzidi urefu wake, basi upana wa chumba umeamuliwa na mti. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, ndiyo maana jua la mchana halikutufikia. Katika ukuta wa ndani kulikuwa na zidaka, safu juu ya safu, ambamo zamani walipanga sahani za kauri na misahafu. Kwenye choo kulikuwa na birika kavu, na chini yake bakuli la kauri lililojengewa sakafuni. Bibi alieleza kwamba humo walifugwa samaki wadogo waliokula viluwiluwi vya mbu, na maji yakipungua samaki walijikusanya kwenye bakuli wakaokoka.

Kilibaki chumba kimoja cha nyuma. Bibi alikiuliza kwa jina: "Nyumba ya kati i wapi?" Mtunza nyumba alisita, kisha akatufungulia. Kilikuwa bafu la kisasa, lenye vigae vyeupe na bomba la mvua. Bibi alisimama kizingitini. Alituambia, kwa sauti ya kawaida, kwamba katika chumba cha namna hiyo yeye alizaliwa, na katika chumba hicho hicho mama yake alioshwa alipokufa. Kwamba chumba hicho kilikuwa hakilaliwi wala hakichezewi, kilingoja tu siku hizo mbili. Kisha akasema, "Alhamdulillahi, maji bado yamo," akafunga mlango. Siku zote nne wanawake wetu wakubwa hawakuoga humo. Hakuna aliyewakataza.

Kugawana vyumba kulikuwa rahisi kuliko tulivyohofu, kwa sababu nyumba yenyewe ilikuwa imekwisha kugawa. Wanaume na vijana walikaa sabule na darini chini ya makuti. Wanawake na watoto wakachukua misana na ndani. Wale wanaoshughulika na swali la sitara katika safari za pamoja, ambalo ni swali la haki kabisa, wajue kwamba wajenzi wa nyumba hizi walilijibu kabla yetu. Katika hoteli tungelazimika kutandaza shuka kwenye korido.

Lakini usiku wa kwanza ulitufundisha jambo jingine. Tuliwapa watoto vyumba vitatu, tukawatandikia vizuri. Usiku wa manane mama mmoja aliamka akakuta watoto wote kumi na watano wamejaa katika msana mmoja, mikeka imeunganishwa, mguu wa huyu juu ya tumbo la yule. Hawakuwa wamezoea kimya. Mmoja wao, wa miaka sita, aliuliza kwa wasiwasi, "Wapangaji wengine wako wapi?" Tulimwambia hakuna wengine, nyumba yote ni sisi. Hakuridhika na jibu hilo, akalala akiwa ameshika kanga ya mama yake. Usiku uliofuata hatukuwatandikia kwingine, na hata sisi wakubwa tulijikuta tumewafuata humo.

Asubuhi ya pili ndugu ya Bibi alikuja kutoka Langoni, akiongozwa na mjukuu. Hatutaeleza jinsi walivyokutana, ni haki yao. Tutasema tu kwamba walikaa kiwandani tangu asubuhi hadi adhuhuri wameshikana mikono, wakiswali kwa nyakati zao na kurudi mahali pale pale, na kwamba mchana walianza kubishana ni nani kati yao aliyevunja chungu fulani mwaka ambao sote hatukuwa tumezaliwa.

Siku ya tatu mvua ilinyesha, watoto wakakwama ndani, na mvulana wetu mmoja alichukua kaa la jikoni akachora treni ndefu ukutani, kutoka msana hadi karibu na zidaka. Tulipoiona tuliingiwa na hofu, maana katika karatasi ya makubaliano uharibifu wa kuta ulikuwa na faini. Mtunza nyumba aliitazama ile treni kwa muda. Kisha akasema hataki faini, anataka mvulana. Aliwachukua yeye na wenzake wanne, akawapa ndoo, akawafundisha kuuosha ukuta kwa brashi laini na kuupaka chokaa. Akawaeleza kwamba chokaa hiyo hutokana na matumbawe yaliyochomwa juu ya lundo la magogo, na kwamba ukuta wa namna hii hautiwi saruji, kwa kuwa saruji huufungia unyevu na chumvi ndani mpaka mawe yamomonyoke. Yule ndugu yetu mwashi, ambaye tangu safari ianze alikuwa hasemi sana, alivua kanzu akaingia kazini. Miaka yote amefanya kazi ya saruji. Walifanya hadi magharibi, na kwa mara ya kwanza tangu mlango wake utiwe kufuli tulimsikia akicheka.

Jioni hiyo, tukinywa kahawa barazani, mtunza nyumba alitueleza habari yake. Nyumba ile ilikuwa ya babu yake. Baba yake na ndugu zake waliirithi wakiwa tisa, kila mmoja na sehemu yake, paa likivuja na hapana aliyekuwa na uwezo wa kulitengeneza. Waliiuza katika miaka ya tisini kwa mtu wa Ulaya, wakagawana, na mgawo wa kila mmoja haukutosha kujenga hata chumba na ua. Mmiliki wa sasa huja mwezi mmoja kwa mwaka. Yeye anashika ufunguo, analipwa mshahara, na kwa mshahara huo amemsomesha binti yake hadi chuo. Mmoja wetu alimwonea huruma kwa maneno. Alikataa. Alisema kama isingeuzwa ingeanguka, kama zilivyoanguka nyingine mbili katika kichochoro kile kile ambazo warithi hawakupatana. Na kwamba kila mwaka hupaka chokaa kwa mkono wake mahali ambapo babu yake alipaka. Baada ya kimya akaongeza kwamba sisi ni Waislamu wa kwanza kuikodi tangu aanze kazi, na kwamba usiku uliopita aliposikia watoto wakisoma Yasini ndani alisimama nje ya mlango asigonge, ingawa alikuwa ameleta maji.

Tumeitafakari sana habari hiyo. Uko uchungu ndani yake ambao sisi wa Kibera tunaujua: watu kuishi karibu na kilichokuwa chao. Lakini liko pia somo la mirathi, ambalo si la kumlaumu mgeni aliyenunua. Nyumba ile haikupotea siku ilipouzwa. Ilianza kupotea siku warithi tisa waliposhindwa kukaa pamoja na kukubaliana nani atatengeneza paa. Zamani wako wazee walioweka nyumba na mashamba kuwa wakfu ili yasiuzwe na vizazi vinufaike. Mwenye mali, hata chumba kimoja, na alifikirie hilo angali hai, awaulize wanavyuoni.

Asubuhi ya siku ya kuondoka, Bibi alituomba tumpeleke kichochoro cha pili. Hapo ndipo ilipo nyumba aliyozaliwa yeye, nayo sasa ni ya wageni. Mlango ulikuwa umefungwa. Hatukubisha hodi, hakutaka. Aliketi kwenye baraza la daka, ambalo ni la kila mpita njia, akawasomea wazazi wake Fatiha, akainuka, akasema mashua itatuacha.

Faida moja ndogo ya kifiqhi, kwa wasafiri wenzetu. Maalimu alituonyesha kwamba kwa madhehebu ya Imamu Shafi'i, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukoma hukumu ya msafiri. Kwa mpango wetu wa kwanza wa usiku tano tungekuwa wakaaji. Kwa usiku nne tulibaki wasafiri, na tuliruhusika kupunguza swala. Bibi alipoambiwa alitabasamu, akasema yeye katika mji ule ataswali kamili.

Kwa anayetaka kufuata njia hii, tunafupisha tuliyojifunza. Anzeni kuweka mapema na msikope. Andikeni tangu siku ya kwanza jinsi mtakavyofanya mmoja wenu akipatwa na shida, msingoje mlango utiwe kufuli. Ulizeni kama jiko liko juu, maana kupandisha maji na makaa ngazi tatu ni kazi. Nunueni samaki na nazi kwa wenyeji, na pikeni wenyewe. Wakatazeni watoto kupigilia misumari, na fungieni makaa. Mtunza nyumba msimpe amri, kwa kuwa huenda anaijua nyumba hiyo kuliko mnavyodhani.

Familia ile ya Kawangware imerudi katika chumba chake. Kazi ya saruji imeanza tena kidogo kidogo, na tangu mwezi wa Mei wameanza kuirudisha karadha, shilingi 500 kila Ijumaa, mbali na zile 500 za mfuko mpya. Tuliwaambia wapumzike kwanza, wakakataa. Ile nyumba iliyoridhia bila furaha ndiyo iliyopendekeza kwamba mfuko mpya uwe na fungu lake la dharura.

Ndugu ya Bibi naye ametutumia ujumbe kwamba safari ijayo ni zamu yake kuja Nairobi, na anauliza atalala wapi. Tumemjibu kwamba atalala Makina, katika chumba cha kumi kwa kumi, katikati yetu. Mwenyezi Mungu atukutanishe tena kwa heri, azirehemu roho za waliotutangulia, na awape wasio na makao makao mema ya dunia na akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq.